Kupunguza prednisoloni: njia zilizopo na namna ya kuchagua

"Punguza taratibu." Karibu kila anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, kwa muda mrefu ameshaambiwa hivyo, na hakuna anayebisha. Shida ni kwamba taratibu ya mmoja si taratibu ya mwingine. Yupo anayeshusha miligramu 5 kila wiki, yupo anayeshusha miligramu 1 kwa mwezi, yupo anayetumia karibu miezi miwili kuishusha miligramu hiyo moja, na yupo anayeongezewa dawa ya pili ili ya kwanza ipungue. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi au akawa anajiumiza, kutegemea yuko kwenye dozi gani na anaumwa nini.

Nimeamua kuzilinganisha njia hizi kwa sababu nami ni mtumiaji. Nina polimialjia rumatika, ugonjwa unaokaza mabega na nyonga hasa asubuhi. Nimekuwa nikiona wenzangu wengi wakichagua mwendo kwa hofu: anayeogopa dawa anakimbia, anayeogopa maumivu haondoki alipo. Hofu zote mbili zina sababu, ila hakuna hata moja inayofaa kupanga dozi.

Yanayofuata yanamhusu mtu mzima aliyetumia steroidi za vidonge zaidi ya wiki 3 au 4 kwa ugonjwa sugu wa uvimbe wa ndani ya mwili: polimialjia, baridi yabisi, lupasi, uvimbe wa ateri za kichwani na mengine ya aina hiyo. Aliyepewa vidonge vya siku tano au saba kwa ajili ya pumu iliyopanda, kwa kawaida humaliza na kuacha bila kupunguza. Kwa sisi wengine, kuacha ghafla ni hatari ya kweli, na ratiba yoyote utakayoipenda hapa ipeleke kwanza kwa daktari anayekutibu.

Kwa nini miligramu moja si sawa kila mahali

Mwili hutengeneza steroidi yake wenyewe, kotisoli, kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo. Amri hutoka kwenye ubongo kupitia tezi ya pituitari. Ukimeza prednisoloni kila siku kwa wiki nyingi, ubongo unaona steroidi zimejaa, unaacha kutoa amri, na adrenali zinalala. Kazi ya siku nzima ya adrenali za mtu mzima ni sawa na takribani miligramu 4 hadi 6 za prednisoloni.

Kuanzia hapo utaona safari ina sehemu mbili. Ukiwa juu, tuseme kutoka miligramu 40 kwa siku hadi 10, unachopunguza ni ziada: dawa iliyozidi mahitaji ya kawaida ya mwili, iliyowekwa kuuzima ugonjwa. Swali pekee la maana huko ni kama ugonjwa utatulia. Ukikaribia 5 na kwenda chini, unaanza kugusa kiasi ambacho mwili unakihitaji ili uishi, na sasa maswali ni mawili: ugonjwa utatulia, na je, adrenali zimeamka?

Hesabu nayo inabadilika. Kutoka 40 kwenda 35 umepunguza asilimia 12.5. Kutoka 20 kwenda 17.5, asilimia 12.5 vilevile. Kutoka 10 kwenda 9, asilimia 10. Lakini 5 kwenda 4 ni asilimia 20, na 2 kwenda 1 ni nusu ya dawa yote. Mtu aliyeshuka vizuri huko juu akaanguka kwenye 3, yaani dalili zikamrudia, hakuwa mzembe. Hatua ile ile imekuwa kubwa zaidi kwa mwili wake.

Kama unatumia steroidi nyingine, miligramu 5 za prednisoloni zinalingana na 5 za prednisoni, 4 za methiliprednisoloni, 20 za haidrokotisoni, na takribani 0.75 za deksamethasoni. Hii ya mwisho hukaa mwilini muda mrefu na kuzikandamiza adrenali sana. Madaktari wengi humhamisha mgonjwa kwenda prednisoloni au haidrokotisoni kabla ya kuanza kupunguza kwa makini.

Juu ya miligramu 10: haraka au polepole?

Hapa msimamo wangu ni wazi: haraka, alimradi ugonjwa umetulia. Mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa homoni wa Ulaya na Marekani wa mwaka 2024 unapendekeza kwa aliye juu ya 40 apunguze miligramu 5 hadi 10 kila wiki. Aliye kati ya 20 na 40, miligramu 5 kila wiki. Aliye kati ya 10 na 20, miligramu 1 hadi 2.5 kila baada ya wiki 1 hadi 4. Kwa polimialjia, mapendekezo ya kimataifa ya 2015 yanaanzia miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku, na yanataka mgonjwa awe amefika 10 ndani ya wiki 4 hadi 8.

Sababu ya kutokaa huko juu ni madhara: sukari kupanda, presha, mifupa kupoteza nguvu, mtoto wa jicho, presha ya macho, ngozi kuwa nyepesi, maambukizi, usingizi kukatika, hasira zisizo na chanzo. Mengi kati ya hayo huongezeka kadiri dozi ilivyo kubwa na muda ulivyo mrefu. Mtu akibaki kwenye 20 miezi mingi "ili awe salama" kwa kweli amechagua hatari moja akaiacha nyingine.

Ugonjwa unaonifanya niseme tofauti ni uvimbe wa ateri za kichwani. Huo unaweza kumpofusha mtu, tena kwa haraka, kwa hiyo dozi huanza kubwa, mara nyingi 40 hadi 60, na haipunguzwi mpaka kichwa, taya, macho na vipimo vya damu viwe vimetulia. Kwa mgonjwa huyo kukimbia hakuna faida. Maumivu mapya ya kichwa, taya kuuma wakati wa kutafuna au ukungu machoni ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Chini ya 10: miligramu 1 kwa mwezi, au kuingiza dozi mpya siku moja moja?

Watu wengi hukwama hapa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Njia ya kwanza ni ile ya vitabu. Ukifika 10, unapunguza miligramu 1 kila baada ya wiki 4. Kutoka 10 hadi sifuri ni wiki 40, ugonjwa ukikubali. Ni rahisi kukumbuka, daktari anaielewa bila maelezo, na ukikwama anajua ni dozi gani iliyokushinda. Kasoro yake ni kwamba mwili unaamka siku moja na dawa pungufu, ukiwa haujajiandaa. Kwa wengine hiyo si kitu. Kwa wengine siku ya tatu au ya nne mwili mzima unauma, na wanadhani ugonjwa umerudi.

Njia ya pili imekua zaidi kutokana na uzoefu wa wagonjwa kuliko majaribio makubwa ya hospitali, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuichagua. Badala ya kushuka siku moja, unaichomeka dozi mpya kidogo kidogo katikati ya ile ya zamani. Tuseme uko 7 unakwenda 6. Unameza 6 siku moja, kisha 7 siku sita. Halafu 6 siku moja, 7 siku tano. Kisha moja kwa nne, moja kwa tatu, moja kwa mbili, moja kwa moja. Ukivuka hapo mambo yanageuka: 6 siku mbili na 7 siku moja, kisha tatu kwa moja, hadi 6 siku sita na 7 siku moja. Baada ya hapo ni 6 tu. Ukijumlisha, hatua hiyo moja inachukua siku 52.

Ziweke sasa pamoja. Njia ya kwanza inakushusha kutoka 10 hadi sifuri ndani ya miezi kama tisa. Ya pili, ukiifuata neno kwa neno kwa kila miligramu, inachukua siku 520, karibu mwaka mmoja na miezi mitano. Tofauti ya miezi minane hivi ni miezi minane ya dawa zaidi, kwa mifupa yako na sukari yako. Kwa upande mwingine, anayejaribu njia ya kwanza, akaanguka kwenye 6, akarudishwa 10, akaanza upya, akaanguka tena, mwishowe humeza dawa nyingi kuliko aliyekwenda polepole bila kuanguka.

Mimi natumia mchanganyiko: miligramu 1 kwa mwezi hadi 7, kisha kuchomeka dozi mpya kuanzia hapo kwenda chini, ambako asilimia ya kila hatua ni kubwa. Kama ningekuwa na kisukari kinachonisumbua au mifupa iliyokwisha kuvunjika, ningemwomba daktari turudi kwenye njia fupi, au tutafute dawa ya kusaidia.

Kuna njia ya katikati: kushuka kwa nusu miligramu kila wiki 4 ukiwa chini ya 5. Inahitaji vidonge vya miligramu 1 vinavyokatika vizuri kwa nusu. Angalia vidonge vyako kabla ya kukubali ratiba. Vile vilivyopakwa ganda la kulinda tumbo havikatwi, maana ukikata unaharibu lile ganda. Na kwa njia ya kuchomeka, andika kalenda nzima ya hatua hiyo siku ya kwanza, tarehe na dozi, kisha ujaze kisanduku cha vidonge cha wiki ukitazama karatasi hiyo. Asubuhi usingizi ukiwa machoni huwezi kukumbuka kama leo ni siku ya miligramu 6 au ya miligramu 7, na ukikosea mara mbili tatu ratiba yote imepoteza maana. Dozi yenyewe imezwe asubuhi pamoja na chakula. Mwili nao hutoa kotisoli kwa wingi alfajiri, na dawa ya jioni hukata usingizi.

Siku ndiyo, siku hapana

Usichanganye kuchomeka dozi na njia ya kumeza dozi kubwa leo na kutomeza kabisa kesho. Njia hiyo ina historia ndefu kwa watoto wenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini, na huko ina kazi yake. Kwa magonjwa ya viungo na misuli, wagonjwa wengi huumia siku ile isiyo na dawa. Sioni sababu ya mtu mwenye polimialjia au baridi yabisi kuichagua. Kupishanisha dozi mbili zilizo karibu, kama 10 leo na 7.5 kesho kwa sababu vidonge vya miligramu 1 havipatikani, hilo ni jambo jingine na linakubalika.

Kwenda peke yako au kwa msaada wa dawa nyingine

Hapa ndipo ninapotaka wagonjwa wawe na ujasiri zaidi wa kuuliza. Mtu akianguka mara mbili kwenye dozi ile ile, jibu si lazima liwe kwenda polepole zaidi. Huenda steroidi inafanya peke yake kazi ya dawa mbili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni uvimbe wa ateri za kichwani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, waliopewa sindano ya tosilizumabu (dawa ya kibayolojia ya kuzuia uvimbe) huku prednisoni ikipunguzwa kwa wiki 26 walikaa bila ugonjwa hadi wiki ya 52 kwa asilimia 56 (sindano kila wiki) na 53 (kila wiki mbili). Waliopewa prednisoni peke yake walikuwa asilimia 14 kwa ratiba ya wiki 26, na 18 kwa ratiba ya wiki 52. Tazama namba hizo mbili za mwisho. Kuurefusha upunguzaji mara mbili kulileta tofauti ndogo sana, ilhali dawa ya pili ilibadilisha picha yote.

Kwa polimialjia, jaribio la 2023 la sarilumabu, dawa ya jamii hiyo hiyo, lilikuwa na sura hiyo hiyo: asilimia 28 waliokuwa na dawa hiyo na ratiba fupi ya wiki 14 walibaki bila ugonjwa, dhidi ya asilimia 10 waliokuwa na steroidi peke yake kwa wiki 52. Asilimia 28 si ushindi mkubwa, nakubali. Lakini wameshika nafasi hiyo wakiwa wametumia steroidi kidogo zaidi.

Dawa hizi za kibayolojia ni ghali, hudhoofisha kinga kwa namna yake, na kabla ya kuanza hupimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini. Methotreksati ni ya zamani na nafuu zaidi. Kwa polimialjia mapendekezo ya 2015 yanairuhusu mapema, miligramu 7.5 hadi 10 kwa wiki, hasa kwa aliye katika hatari ya kuanguka au ya madhara ya steroidi. Humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu, kwa hiyo siku hiyo ya wiki iandikwe kwenye boksi. Haifai kwa mjamzito wala anayepanga ujauzito, na ini na damu hupimwa mara kwa mara. Kwa lupasi na magonjwa mengine hutumika pia azathioprini na dawa nyingine za kundi hilo.

Anayepaswa kuuliza mapema kuhusu dawa ya pili, kwa maoni yangu, ni mwenye kisukari, mwenye mifupa dhaifu, mwenye presha ya macho, na yeyote aliyeanguka zaidi ya mara moja. Aliyeshuka vizuri hadi 6 bila tatizo hana haja ya kuongezewa hatari mpya.

Kinachokurudisha nyuma ni kipi?

Kabla ya kubadili mwendo wowote, jiulize swali hili. Naliona ni muhimu kuliko ratiba zote nilizozitaja. Dalili zikija baada ya kupunguza, wahusika wanaweza kuwa watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

| | Ugonjwa umerudi | Mwili unalilia dozi ya zamani | Adrenali hazijaamka |
|---|---|---|---|
| Huanza lini | Polepole, mara nyingi wiki kadhaa baada ya kushuka, na huzidi | Siku chache baada ya kushuka, kisha hupungua ndani ya wiki moja au mbili | Zaidi ukiwa karibu na 5 au chini yake, hata wiki nyingi baadaye |
| Unachohisi | Dalili zako za mwanzo, sehemu zile zile | Maumivu ya mwili mzima, uchovu, huzuni, kukosa usingizi | Kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, hamu ya kula kupotea, kukonda, udhaifu mkubwa |
| Damu inasema nini | CRP na ESR (vipimo vya damu vya uvimbe) mara nyingi hupanda | CRP na ESR hubaki chini | Kotisoli ya asubuhi iko chini |
| Kinachofanyika | Kurudi dozi iliyokushika, kisha kushuka upya | Kuvumilia au kurudi hatua moja, kisha hatua ndogo zaidi | Kubaki kwenye dozi ya mahitaji ya mwili na kupima tena |

Dalili hizi huingiliana, na jedwali halimalizi ubishi. Lakini linazuia kosa ninaloliona mara nyingi: mtu anaumwa siku ya tatu baada ya kutoka 8 kwenda 7, anaruka hadi 15, na miezi ya kazi inapotea kwa kitu ambacho pengine kingepita chenyewe. Ugonjwa ukiwa umerudi kweli, kwa polimialjia mapendekezo ni kurudi kwenye dozi uliyokuwa nayo kabla ya kuanguka, kisha kushuka taratibu ndani ya wiki 4 hadi 8 mpaka ile dozi uliyoangukia. Hakuna ulazima wa kurudi mwanzo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka hatua inayofuata, andika kwa wiki nzima mambo mawili tu: kukaza kwa mwili asubuhi kulidumu dakika ngapi, na ni kitu gani ulishindwa kufanya (kuinua mkono kuchana nywele, kujigeuza kitandani, kuinuka kitini bila kushika). Ukishuka, endelea kuandika. Daktari akiona dakika 15 zimekuwa 20 kisha zikarudi 15, anajua ni nini. Akiona 15, 40, 90, anajua pia.

Ukifika 5: kubaki, kuendelea au kuhama

Wapo wanaosema miligramu 5 ni kidogo, kwa nini nisibaki nazo maisha yote? Ni swali la haki na lina majibu yanayovutana.

Kwa upande wa kubaki: mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wametulia kwa tosilizumabu pamoja na miligramu 5 za prednisoni. Waliobaki nazo walifanikiwa kubaki bila ugonjwa kupanda kwa asilimia 77. Waliopunguza hadi sifuri, asilimia 65. Kubaki kulikuwa bora. Lakini ona upande wa pili: karibu wawili kati ya kila watatu waliacha kabisa na hawakudhurika, na adrenali za waliopunguza hazikuwaletea dalili.

Kwa upande wa kuacha: jaribio jingine lililochapishwa 2022 liliwapa wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 65 na zaidi miligramu 5 kwa miaka miwili. Maumivu yalipungua na viungo vilihifadhika. Hata hivyo waliopata angalau dhara moja kati ya yale yaliyofuatiliwa kwa karibu walikuwa asilimia 60, dhidi ya 49 kwa wasiopewa, tofauti kubwa ikiwa ni maambukizi, mengi yake si makali. Kwa lupasi, mapendekezo ya Ulaya ya 2023 yanaweka kikomo cha miligramu 5 kwa siku au chini, na kuacha kabisa inapowezekana.

Ningebaki kwenye 5 au 3 kama nimejaribu kuacha, nikaanguka, na dawa ya pili haikunifaa. Nisingebaki kwa sababu tu hakuna aliyeniambia nijaribu kushuka.

Anayeendelea kushuka ana chaguo la kusikiliza dalili na kupunguza miligramu 1 kila wiki 4, au kupima kotisoli ya asubuhi kwanza. Kipimo huchukuliwa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, kabla ya dozi ya siku hiyo, angalau saa 24 tangu dozi ya mwisho. Kotisoli ikiwa juu ya nanomoli 300 kwa lita (mikrogramu 10 kwa desilita), adrenali zimeamka na dawa inaweza kuachwa kama ugonjwa umetulia. Kati ya 150 na 300, unabaki ulipo na kupima tena baada ya wiki au miezi kadhaa. Chini ya 150, unabaki kwenye dozi ya mahitaji ya mwili na kurudia baada ya miezi michache. Wanaomeza vidonge vyenye estrojeni wamwambie daktari, maana huipandisha namba hiyo bila adrenali kuwa zimeamka.

Kuhamia haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 kwa siku zikigawanywa, ni njia ya mwisho. Huisha mwilini haraka, hivyo usiku adrenali hupata nafasi ya kuitwa kazini. Lakini hulazimika kumezwa mara mbili au tatu kwa siku, na nguvu yake dhidi ya uvimbe ni ndogo. Kama kinachokusumbua ni adrenali peke yake, ina maana. Kama ugonjwa bado unachokoza, utaumia.

Mambo yasiyochaguliwa

Ukiwa katikati ya kupunguza, na kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, mwili unaweza kushindwa kutoa kotisoli ya ziada wakati wa homa kali, ajali au upasuaji. Mwombe daktari akuandikie kabisa dozi ya siku za ugonjwa: uongeze kiasi gani na kwa siku ngapi. Tembea na kadi inayosema unatumia steroidi, na kila daktari wa meno au wa upasuaji aijue. Kutapika kunakokuzuia kushikilia vidonge, kuzimia, kuchanganyikiwa, presha kushuka: hiyo ni dharura, na inahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na hospitali mara moja, bila kusubiri asubuhi.

Angalia pia dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa prednisoloni mwilini haraka, na mtu anaweza kuanguka bila kupunguza hata miligramu moja. Ritonaviri na baadhi ya dawa za fangasi kama itrakonazoli hufanya kinyume: huizuia isitoke, na adrenali zinalala zaidi ya unavyodhani. Usishushe dozi wiki unayoanza au kumaliza mojawapo ya hizi mpaka umezungumza na daktari au mfamasia.

Na usishushe wiki ya safari ndefu, ya msiba, ya mtihani au ya kung'olewa jino. Wiki mbili za kusubiri kwenye 4 hazina gharama yoyote ukilinganisha na kurudi 10.